Tumeangushwa zabuni ya usafi hospitalini bila kuelezwa sababu. Tupinge au tunyamaze?

Shikamoo Mama,

Mimi na kaka yangu tuna kampuni ya usafi hapa Pwani. Tulianza kwa kusafisha maduka na ofisi ndogo ndogo, na leo tunafanya kazi katika vituo vitatu vya afya na tumeajiri wanawake 32. Wengi wao wanalea watoto peke yao, na mshahara ukichelewa hata wiki moja naliona nyusoni mwao.

Hospitali moja ya kaunti ilitangaza zabuni ya huduma za usafi kwa miaka miwili. Tulizichukua nyaraka, tukazisoma neno kwa neno, tukazijaza usiku na mchana. Kila ukurasa tuliupiga nambari kwa mkono kuanzia jalada mpaka karatasi ya mwisho, kwa sababu tumesikia wengi waliotupwa nje kwa kusahau nambari. Kwenye uzoefu walitaka mikataba mitatu ya usafi katika taasisi za afya ndani ya miaka mitano iliyopita, pamoja na barua ya kila mteja. Tuliweka yote, kuanzia ukurasa wa 112 hadi wa 131.

Siku ya kufungua tulikuwepo. Sanduku lilifunguliwa mbele ya wazabuni wote, bei zikasomwa kwa sauti, tukatia saini kwenye orodha. Bei yetu ilikuwa Sh11.9 milioni. Kampuni ambayo sasa tunasikia imeshinda ilisomewa Sh13.8 milioni.

Barua ya hospitali imeandikwa tarehe 3 lakini ilituingilia kwa barua pepe tarehe 6 jioni. Ina sentensi mbili: kwamba zabuni yetu haikufaulu katika tathmini ya kiufundi, na kwamba wanatushukuru kwa kushiriki. Haisemi tuliangukia wapi wala nani ameshinda. Mshindi tumemjua kwa maneno ya watu tu.

Sasa kuna mtu wa ndani, simtaji, amenitumia picha kwenye WhatsApp. Ni karatasi za alama za watathmini watatu. Uzoefu una alama 40. Wa kwanza ametupa 34, wa pili 33, wa tatu 4. Pembeni ya ile 4 ameandika kwa kalamu kwamba hatujawahi kusafisha hospitali yenye vitanda zaidi ya 100. Mama, nimerudia nyaraka za zabuni mara kwa mara na sijaona popote palipotajwa vitanda. Jumla zetu ni 80, 78 na 48, wastani 68.67. Alama ya kupita ilikuwa 70.

Jambo jingine linalonikosesha usingizi: juzi mtu ambaye hata si mfanyakazi wa hospitali alimpigia kaka yangu simu akamwambia mambo haya yanazungumzika kabla mkataba haujatiwa saini, "mkijua kumkumbuka mkubwa." Kaka hakumjibu kitu. Yeye anataka tuache yaishe. Anasema ukiishtaki serikali ya kaunti hutaona tena kazi yake, na sisi tunaitegemea. Rafiki yetu mmoja anayefanya kazi kwa wakili anasema tukimbilie Mahakama Kuu tuzuie mkataba. Mimi nataka kuzipeleka hizi picha kila mahali, hata kwa magazeti.

Leo ni tarehe 9. Nifanye nini?

Mwenye Kampuni, Pwani


Marahaba, mwanangu.

Barua hii nilimjibu mwenyewe kwa barua pepe siku ileile niliyoipata, kwa sababu siku za sheria hazisubiri safu itoke. Naichapa sasa kwa ruhusa yake. Tarakimu na baadhi ya maelezo nimeyabadilisha ili zabuni yenyewe isitambulike na ili aliyetuma zile picha asijulikane. Jibu nimelirefusha kidogo kwa ajili ya wengine walio katika hali kama yake, maana barua za namna hii napata nyingi, na nyingi hunifikia muda ukiwa umeshapita.

Una kesi, na naiona nzuri, ila nguvu yake haiko kwenye bei wala kwenye picha. Nitakueleza iko wapi, lakini kwanza tuzungumze kuhusu siku, kwa kuwa ukikosea hapo mengine yote hayatakusaidia.

Sheria ya Kenya ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kifungu cha 167, inampa mzabuni siku 14 kupeleka ombi la mapitio kwenye Bodi ya Kusikiliza Malalamishi ya Zabuni za Umma, ile inayojulikana kama PPARB. Siku hizo huhesabiwa tangu ulipoarifiwa matokeo au tangu kosa unalolalamikia lilipotokea. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Siku yenyewe ya kuarifiwa haihesabiwi. Ninyi mna tarehe mbili, ya barua na ya barua pepe. Ukihesabu kutoka tarehe 6 unafika tarehe 20, na naamini hiyo ndiyo hesabu sahihi kwa kuwa huwezi kuarifiwa kwa barua ambayo haijakufikia. Lakini usiipe hospitali nafasi ya kubishana juu ya hilo. Hesabu kutoka tarehe 3, ufike 17, na ombi lako liwe limepokelewa na kupigwa muhuri tarehe 16. Ile barua pepe usiifute. Ichape pamoja na sehemu ya juu inayoonyesha siku na saa ilipoingia. Ombi likichelewa hata siku moja Bodi haina mamlaka ya kulisikiliza, na haitauliza ulionewa kiasi gani.

Siku hizohizo 14 zinakulinda pia upande wa pili. Kifungu cha 135 kinakataza mkataba kutiwa saini kabla siku 14 hazijapita tangu matokeo yatolewe. Ukishapeleka ombi, katibu wa Bodi humwarifu afisa mhasibu wa hospitali, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha na ununuzi wake, si karani wa hesabu, na mchakato wote unasimama mpaka Bodi iamue. Bodi nayo imepewa siku 21 tu kumaliza shauri. Kwa hiyo yule aliyekwambia ukimbilie Mahakama Kuu kuzuia mkataba mwambie asante, lakini ukianzia huko utarudishwa kwenye Bodi, na wakati huo siku 14 zitakuwa zimeisha. Mahakama Kuu ina zamu yake baadaye.

Sasa bei. Najua inauma kuona kazi ikienda kwa mtu aliyezidi bei yako kwa karibu milioni 2, na hizo ni fedha za umma. Hata hivyo usiifanye kuwa hoja yako ya kwanza. Kwenye zabuni hii bei hulinganishwa baina ya wale tu waliopita hatua ya kiufundi. Kwa hesabu za kamati ninyi hamkufika huko, kwa hiyo Sh11.9 milioni yenu haikuwekwa mezani kabisa. Wazabuni wengi wanakwenda mbele ya Bodi wakipaza sauti kwamba wao ndio nafuu, wakili wa hospitali anasimama dakika mbili kueleza kuwa walianguka kabla ya bei, na shauri linazama. Bei yako ina kazi nyingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa, kwenye shauri lililotoka Mombasa, ilisema mwombaji lazima aeleze katika ombi lake kwamba amepata hasara au yuko hatarini kuipata, la sivyo hana haki ya kusikilizwa. Hapo ndipo unapoitaja: kama tungepewa alama tulizostahili tungefika kwenye bei, na kwa bei iliyosomwa hadharani siku ya ufunguzi tuko chini ya aliyetangazwa mshindi, basi tumekoseshwa kazi hii. Iandike waziwazi namna hiyo. Na kwa kuwa kifungu cha 82 kinasema bei iliyosomwa siku ya kufungua ndiyo ya mwisho na haibadilishwi, omba nakala ya kumbukumbu za ufunguzi uiambatanishe.

Nguvu ya kesi yako iko kwenye vigezo. Kifungu cha 80(2) kinaiamuru kamati itathmini kwa utaratibu na vigezo vilivyowekwa ndani ya nyaraka za zabuni. Kifungu cha 80(3) kinaongeza kwamba vigezo hivyo, kadiri inavyowezekana, viwe vya kupimika na visivyotegemea hisia za mtu. Mtathmini anaweza kuamini kwa moyo wake wote kwamba anayesafisha hospitali kubwa awe ameshazoea hospitali kubwa. Inawezekana hata ana hoja. Wadi za upasuaji, taka zenye damu na sindano, zamu za usiku, si sawa na kituo cha afya kinachofungwa jioni. Lakini kama hospitali ilitaka uzoefu wa vitanda zaidi ya 100, mahali pa kulisema lilikuwa tangazo na nyaraka, ili kila mzabuni alijue kabla hajachoma siku na fedha zake. Kulichomeka baada ya masanduku kufunguliwa ni kubadilisha masharti mchezo ukiwa umeshachezwa, na hapo Kifungu cha 227 cha Katiba, kinachotaka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu, kimevunjwa.

Angalia pia zile alama zenyewe. Watu watatu wamesoma mikataba ileile mitatu na barua zilezile tatu. Kigezo ni cha kuhesabu: ipo au haipo, ni ya taasisi ya afya au siyo, iko ndani ya miaka mitano au imepitwa. Mmoja ameona 34, mwingine 33, wa tatu 4. Tofauti ya alama 1 naielewa. Tofauti ya karibu 30 kwenye karatasi za kuhesabika haielezeki mpaka mmoja wao awe anapima kitu kingine. Na hesabu yake inatisha: huyo wa tatu angewapa 8 badala ya 4, jumla yake ingekuwa 52 na wastani wenu ungegonga 70 kamili. Mngepita. Alama 4 za mtu mmoja zimeamua nani asafishe hospitali kwa miaka miwili.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kabla hujamshutumu huyo mtathmini, kaa na kaka yako mfungue nakala yenu ukurasa wa 112 hadi 131 kwa macho ya mtu asiyewapenda. Je, kila mkataba una saini za pande zote mbili? Tarehe ziko ndani ya miaka mitano ukihesabu kutoka siku ya kufunga zabuni, au kuna mmoja ulioanza zamani na haukuhuishwa kwa maandishi? Barua za wateja ziko kwenye karatasi zenye nembo zao na zinataja kazi ya usafi, au ni barua za kuwatambulisha tu? Vile vituo vitatu vinatimiza maana ya "taasisi ya afya" kama nyaraka zilivyoieleza? Pengine yule wa tatu aliandika habari ya vitanda pembeni huku sababu yake halisi ikiwa ni mkataba usio na saini. Ikiwa kuna shimo, ulione wewe leo. Wakili wa hospitali atalitafuta, na ana faili zima mkononi.

Ukimaliza, chukua karatasi uipige mistari katikati. Kushoto nakili neno kwa neno kile ambacho nyaraka za zabuni zilitaka, pamoja na nambari ya kipengele na alama zake. Kulia andika ukurasa wa zabuni yenu unaokijibu. Fanya hivyo kwa kila kipengele cha uzoefu. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayobeba ombi lako, na inaandikwa bila kugusa picha hata moja.

Maana picha hizo, mwanangu, usiziambatanishe. Usizipeleke kwa magazeti, usiziweke kwenye kundi lolote la WhatsApp, usimtumie hata wakili zikisafiri kutoka simu hadi simu. Kifungu cha 67 kinazifanya taarifa za tathmini kuwa za siri, na mzabuni aliyezipata kwa mlango wa nyuma anajikuta anajibu maswali kuhusu alizipataje badala ya kuuliza maswali kuhusu alama zake. Bodi inaweza kuziondoa kwenye kumbukumbu na hoja yote uliyoiegemeza juu yake ikaanguka pamoja nazo. Tena kuna yule aliyekutumia. Ana kazi, huenda ana familia, na karatasi ile ilipita mikono michache mno hata isiwe vigumu kumjua. Amekuamini. Usimlipe kwa kumfukuzisha kazi.

Na kwa kweli huzihitaji. Jambo ambalo wazabuni wengi hawalijui ni kwamba Bodi hupewa faili lote la siri: ripoti ya tathmini, karatasi za alama za kila mjumbe, maoni ya kitaalamu ya mkuu wa ununuzi. Wewe mwombaji utaruhusiwa kuona muhtasari tu, lakini wajumbe wa Bodi wanasoma zile karatasi halisi, pamoja na maandishi ya kalamu yaliyo pembeni. Kazi yako ni kuwaambia watazame wapi. Andika kwamba kipengele fulani kilitaka mikataba mitatu na barua tatu, kwamba mmeziwasilisha ukurasa wa 112 hadi 131, kwamba kwa vigezo vilivyotangazwa hakuna namna ya kukosa alama hizo, na kwa hiyo unaamini kigezo kisichokuwemo kilitumika. Kisha iombe Bodi ikague karatasi za alama za kila mtathmini kwenye kipengele hicho. Kama ile 4 iko pale, wataiona wenyewe kwa njia halali, na hospitali itatakiwa kuieleza.

Una hoja ya pili ambayo hukuiona kwa sababu ya hasira za picha, nayo ni ile barua ya sentensi mbili. Kifungu cha 87(3) kinamtaka afisa mhasibu awaarifu walioshindwa wakati uleule anapomwarifu mshindi, akitaja mshindi ni nani na kwa nini wao hawakufaulu. Kanuni za sheria hiyo za mwaka 2020, kanuni ya 82, zinafafanua zaidi: sababu ya zabuni yako kutofaulu, jina la aliyeshinda, bei yake na sababu ya kushinda kwake. "Haikufaulu katika tathmini ya kiufundi" si sababu. Huwezi kuipinga wala kuikubali, kwa kuwa haisemi kitu. Hilo peke yake ni kosa la kulilalamikia.

Leo hii, kabla hujalala, mwandikie afisa mhasibu. Barua iwe fupi na ya adabu: tumepokea taarifa yenu tarehe 6, haikueleza sababu wala mshindi kama sheria inavyotaka, tunaomba sababu mahususi, alama zetu katika kila kipengele, jina na bei ya aliyeshinda, pamoja na muhtasari wa tathmini kama kifungu cha 68 kinavyoruhusu. Itume kwa barua pepe na nakala ya mkono ipigwe muhuri mapokezi. Wakikujibu vizuri, utakuwa umepata alama zako kihalali na unaweza kuzitumia. Wasipojibu, ukimya wao utauambatanisha. Lakini usikae kuwangoja. Kuomba ufafanuzi hakusimamishi zile siku 14, na nimeona watu waliozungushwa kwa "njoo Jumatatu" mpaka siku zikaisha.

Ombi lenyewe lina fomu yake katika kanuni hizo za 2020. Unaambatanisha maelezo ya hoja, hati ya kiapo ya mmoja wenu na vielelezo. Kuwa makini na jina la unayemlalamikia: lazima afisa mhasibu awemo kama mhusika. Uamuzi uleule wa 2019 niliokutajia ulisema sheria hii inamtaka yeye, na ombi linalomwacha nje lina kasoro ya kuliangusha. Mtaje yeye kwa cheo chake, itaje hospitali, na umtaje aliyetangazwa mshindi ili naye asikilizwe. Kuhusu ada, hupimwa kulingana na thamani ya zabuni. Piga simu ofisi ya katibu wa Bodi wakukokotolee kiasi kamili na wakueleze malipo yoyote mengine, ili ombi lisikataliwe kaunta siku ya mwisho. Si lazima usafiri mpaka Nairobi kila mara. Bodi hupokea nyaraka kwa barua pepe na husikiliza mashauri kwa video.

Wakili si sharti. Mnaweza kujisimamia. Kwa maoni yangu lakini, kwa zabuni ya thamani hii tafuta mmoja aliyewahi kufika mbele ya Bodi hii, siyo wakili yeyote wa ardhi au talaka, na mkubaliane malipo kwa maandishi kabla hajaanza. Muda ni mfupi mno kumlipa mtu ajifunze kazi kwenye faili lako. Mpe ile karatasi yenye mstari katikati naye atakushukuru.

Usitie kwenye ombi kila kilichokuudhi. Mambo ya nani ni shemeji ya nani kaunti, kama huna ushahidi, yaache. Hata manung'uniko kuhusu masharti ya nyaraka zenyewe sasa umechelewa nayo. Hayo hupingwa mapema, pale unapoyasoma. Hoja mbili au tatu zilizonyooka zinatosha. Bodi ina mamlaka ya kulitupa ombi la upuuzi au lenye nia ya kuchelewesha tu kazi, na kukubebesha gharama.

Sasa ile simu. Hapa nazungumza na kaka yako pia. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtaka mtu mwenye mamlaka katika taasisi, ya umma au ya binafsi, kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ndani ya saa 24 anapojua au kushuku kwamba kuna hongo. Ninyi ni wakurugenzi, kwa hiyo sheria hiyo inawahusu, na saa zenyewe zimeshapita. Andikeni leo: nambari iliyopiga, siku, saa, maneno aliyoyasema kama mnavyoyakumbuka. Ripotini. Msimpigie simu mtu huyo, msijifanye mnakubali ili mumnase. Kazi hiyo ina wenyewe. Na jihadharini na hisabu nyingine: huenda mtu huyo hana uhusiano wowote na hospitali, ni tapeli aliyesikia mmeshindwa akaja kuvuna. Kwa vyovyote, ripoti ya EACC ni njia yake na ombi la Bodi ni njia yake. Ya kwanza haisimamishi mkataba.

Kuhusu hofu ya kaka yako, siipuuzi. Nilifanya kazi ya ununuzi serikalini mpaka nikastaafu, na nawajua maafisa wanaoweka kinyongo. Kwa Sheria ya Ununuzi, kaunti haina uwezo wa kumfungia mzabuni milango. Kumzuia mtu kushiriki zabuni za umma ni kazi ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, chini ya kifungu cha 41, kwa makosa yaliyotajwa, na kulalamika mbele ya Bodi si mojawapo. Kinyongo cha chini kwa chini hakizuiliwi na karatasi, nakubali. Ila mwambie kaka alitazame hili: kwa sasa mnaangushwa bila kulalamika. Kamati inayojua kwamba kampuni yenu husoma nyaraka zake, huandika kwa adabu na hulipeleka shauri mahali panapostahili, itajifikiria mara mbili kabla ya kuandika pembeni ya karatasi yenu sharti lisilokuwepo. Nimekaa upande ule wa meza, nasema ninachokijua. Wale wanawake 32 nao wana haki ya kujua kwamba kazi yao ilipimwa kwa kipimo kilichotangazwa.

Ukishinda, usitarajie kukabidhiwa mkataba siku hiyohiyo. Kifungu cha 173 kinaipa Bodi uwezo mpana, hata wa kuweka uamuzi wake mahali pa ule wa afisa mhasibu, lakini kwa kosa la namna yako linaloelekea zaidi ni kufuta barua za matokeo na kuamuru tathmini irudiwe kwa vigezo vilivyo kwenye nyaraka. Irudiwapo, mnaweza kupita kiufundi na bei yenu ikapata nafasi yake, au mkaanguka tena kwa sababu halali. Yeyote asiyeridhika na uamuzi wa Bodi ana siku 14 kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina siku 45 kuamua, kisha siku 7 kwenda Mahakama ya Rufaa, nayo siku 45. Kwa hiyo mshindi wa sasa anaweza kuwaburuza huko hata mkishinda Bodi, na lazima muamue mapema mna pumzi ya kufika wapi.

Kwa sababu hiyo, kesho asubuhi angalia tarehe mbili ambazo watu husahau. Moja ni muda wa uhai wa zabuni: tangu siku ya mwisho ya kuwasilisha, ni siku ngapi zimewekwa kwenye nyaraka, na zinakwisha lini? Zikiisha bila kuongezwa, hakuna tena zabuni ya kutathmini upya. Ya pili ni ya dhamana yenu ya zabuni, ile hati ya benki inayoihakikishia hospitali kwamba hamtajitoa. Hospitali ikiwaomba mkubali kuongeza muda wa zabuni, jibuni kwa maandishi ndani ya siku walizowapa, na benki iiongeze dhamana pamoja nao. Na msikubali kuirudisha au kuichukua dhamana hiyo kabla ya shauri kwisha, hata karani akikupigia simu ya kirafiki kwamba iko tayari kuchukuliwa. Uamuzi wa Bodi ukitoka nitumie nakala kabla hujajibu barua yoyote ya hospitali.